Usipoziba Ufa: Somo la Mabeki wa Geelong



Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa msikilizaji mmoja ambaye ameniuliza swali fupi. Anasema: "Mzee wetu, kwa nini timu ikishatwaa ubingwa mara mbili tatu huporomoka ghafla, na kwa nini aghalabu huanza kuporomokea nyuma, kwa mabeki?" Nimekaa na barua hiyo siku nne. Ningeweza kumjibu kwa kutaja timu za hapa nyumbani, lakini nayajua yatakayofuata. Nusu yenu mtasema ninaisema vibaya timu yenu, na nusu nyingine mtasema ninaipendelea ya jirani. Kwa hiyo leo nitakwenda mbali, hadi Australia, kwenye mchezo ambao wengi wenu hamjapata kuuona na ambao hauna Simba, wala Yanga, wala Gor Mahia. Huko hatuna ugomvi na mtu.

Kwanza niseme nimeufahamu vipi mchezo huo. Binti yangu ameolewa huko, anaishi Geelong, mji wa bandari ulio kusini-magharibi ya Melbourne, mwendo wa kama saa moja kwa gari. Mwezi Septemba mwaka 2022 nilikuwa mgeni wake. Nilikuta mji mzima umetundikwa vitambaa vya buluu na vyeupe, madirishani, kwenye magari, hata shingoni mwa mbwa. Klabu ya mji ilikuwa imefika fainali kuu. Jumamosi tarehe 24 tukakaa mbele ya runinga, na wachezaji walipokuwa wakiingia uwanjani binti yangu akaniambia:

"Baba, unawaona hao? Mwaka mzima watu wamesema ni wazee, wamekwisha."

"Wazee wa miaka mingapi, mwanangu?"

"Thelathini na kitu, Baba."

Nilicheka sana. Lakini kicheko kilipokwisha nikakumbuka kwamba hata mimi niliambiwa nimezeeka nikiwa na miaka thelathini na mitatu, nami nilikuwa beki. Habari hiyo nitaileta mwishoni. Hapa niseme tu kwamba tangu siku ile nimeifuatilia historia ya mabeki wa Geelong kama mtu anavyofuatilia kesi ya ndugu yake, na ndani yake nimelipata jibu la barua hii.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1858 mcheza kriketi wa Melbourne aitwaye Tom Wills aliandika barua gazetini akipendekeza wacheza kriketi waunde klabu ya mpira, ili miili yao isilegee wakati wa baridi. Mwaka uliofuata, 1859, watu wa klabu ya Melbourne waliziandika kanuni, na mwaka huohuo klabu ya Geelong ikaundwa. Chama cha kandanda cha Uingereza kiliundwa mwaka 1863. Maana yake Geelong walikuwa na klabu yao kabla Waingereza hawajakubaliana juu ya kanuni za mpira tunaoucheza sisi.

Mpira wao una umbo la yai, na uwanja pia una umbo la yai, nao huweza kufika meta 185 kwa urefu. Kila upande huingiza watu 18. Kila mwisho wa uwanja pana nguzo nne. Mpira uliopigwa teke ukapita kati ya nguzo mbili za katikati ni pointi 6, na ukipita pembeni ni pointi 1. Mchezaji anaruhusiwa kuushika mpira kwa mikono, kuupiga kwa ngumi kumpa mwenzake, na kukimbia nao ilimradi audundishe njiani. Mwenye kuudaka mpira uliotoka mbali kabla haujagusa chini hupewa nafasi ya kuupiga kwa utulivu, bila kubughudhiwa. Na sasa sikilizeni vizuri: hakuna kuotea, na hakuna kipa.

Tafakarini maana yake kwa beki. Mshambuliaji anaweza kusimama popote, hata nyuma ya mgongo wako, na mwamuzi asipulize. Ukipitwa, hayupo mtu golini wa kukusitiri. Mabeki wako sita kwa desturi, wamepangwa safu mbili za watatu watatu, na wa mwisho kabisa husimama kwa mshambuliaji mkubwa wa adui, wakarukiana angani kugombea mpira. Kijana huruka juu zaidi. Mzee huwahi kujua mpira utaangukia wapi. Na kwa kuwa uwanja ni mkubwa mno, beki mmoja hawezi kuulinda kwa miguu yake. Wanaulinda kwa kusemezana: "Mwachie, niko hapa," "Sogea kushoto," "Wewe ruka, mimi nabaki chini." Ulinzi wa mchezo huu, kama wa kwetu, nusu yake ni miguu na nusu yake ni maneno ya watu waliozoeana.

Hapo ndipo penye mtego. Kuzoeana kunataka miaka mingi, na miaka mingi huzeesha.

Upo mtego wa pili. Huko bingwa hawezi kutoa fedha tu na kununua mabeki wapya. Tangu mwaka 1986 ligi yao imekuwa na utaratibu wa klabu kuchagua vijana kwa zamu kila mwaka. Aliyeshika mkia huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho. Na jumla ya mishahara ya klabu imewekewa kikomo. Kwa hiyo kadiri unavyoshinda, ndivyo unavyopata mabaki. Utaratibu huo umewekwa makusudi ili kila mwenye kupanda ateremke.

Sasa nitawapa mifano miwili. Wa kwanza ni Brisbane.

Brisbane Lions walitwaa ubingwa mwaka 2001, wakautwaa 2002, wakautwaa tena 2003. Mwaka 2004 walifika fainali kuu kwa mara ya nne mfululizo, wakafungwa na Port Adelaide. Nyuma walikuwa na mabeki ambao washambuliaji waliwaogopa: Justin Leppitsch, Mal Michael, Chris Johnson na Chris Scott. Nimetazama miaka yao ya kuzaliwa. Leppitsch alizaliwa 1975, Johnson na Scott 1976, Michael 1977. Wanaume wanne, na kati ya mkubwa na mdogo haifiki miaka miwili. Walipevuka pamoja, walishinda pamoja, na bila shaka walikuwa hawahitaji hata kusemezana, kwa kutazamana tu wanaelewana. Ulikuwa ukuta mzuri. Lakini matofali yake yote yalichomwa tanuri moja siku moja.

Leppitsch na Michael waliondoka mwisho wa mwaka 2006. Johnson na Scott wakaondoka mwaka 2007. Katika muda wa msimu mmoja na siku chache, wote wanne hawapo. Sitasema kwamba mabeki peke yao ndio walioiangusha Brisbane, maana viungo na washambuliaji wao nao walikuwa wakizeeka. Lakini hesabu ni hii: tangu mwaka 2005 hadi 2018, miaka 14, timu ile iliyokuwa bingwa mara tatu mfululizo ilicheza hatua ya mtoano mwaka mmoja tu, 2009. Mwaka 2017 ilishika mkia wa ligi nzima.

Mfano wa pili ni Geelong yenyewe.

Geelong walikuwa hawajatwaa ubingwa tangu mwaka 1963. Mwaka 2007, chini ya mwalimu Mark Thompson, waliifunga Port Adelaide katika fainali kuu kwa tofauti ya pointi 119, ambayo ni tofauti kubwa kuliko zote katika historia ya fainali hizo. Mji ulikuwa umengoja miaka 44. Nyuma alikuwapo Matthew Scarlett, beki wa mwisho, ambaye baba yake naye aliichezea klabu hiyohiyo. Alikuwapo nahodha Tom Harley. Walikuwapo Darren Milburn, Corey Enright na Andrew Mackie.

Lakini mtu mmoja hakuwapo. Matthew Egan, beki wa kati, mwaka ule alichaguliwa katika timu bora ya ligi nzima. Kabla ya mechi za mtoano aliumia mguu. Aliitazama fainali kuu kutoka nje, na hakurudi tena kucheza katika ligi ile. Tofali zuri kuliko yote lilikuwa limepasuka katikati ya sherehe, na wengi wangejisemea: tumeshinda kwa pointi 119 bila yeye, tuna haja gani?

Geelong hawakusema hivyo. Mwezi Novemba mwaka huohuo wa 2007, vitambaa vya ubingwa havijafuliwa, zamu yao ya kuchagua ilipofika wakiwa wa kumi na saba, walimchukua Harry Taylor kutoka East Fremantle, upande wa pili wa nchi. Alikuwa na miaka 21. Wengi huchukuliwa wakiwa na miaka 18, kwa hiyo Taylor alikuwa kijana aliyekwisha kuachwa na wachaguzi miaka kadhaa. Wakamweka kati ya Scarlett na Harley. Msimu wa 2008 alicheza fainali kuu mwaka wake wa kwanza. Walifungwa na Hawthorn, baada ya kupoteza mechi moja tu katika ligi ya kawaida, na yafaa tuseme kilikuwa kipigo kichungu. Lakini kijana alikuwa amekwisha kuingia ukutani akiwa na mzee kulia na mzee kushoto.

Mwaka 2009 walirudi, wakaifunga St Kilda kwa pointi 12. Katika dakika za mwisho za mechi ile ngumu, Scarlett, yule beki wa mwisho, alijikuta katikati ya uwanja. Mpira ulikuwa chini, adui anaufuata, nafasi ya kuinama haipo. Akausukuma kwa ncha ya kiatu ukamfikia Gary Ablett, ukapigwa mbele, na Paul Chapman akafunga. Watu wa Geelong wakitajiwa ncha ile ya kiatu hutabasamu mpaka leo. Nahodha Harley akainua kombe. Kisha akatundika daluga akiwa na miaka 31, kombe mkononi, kabla mtu hajamwambia kwamba amechoka.

Mwisho wa mwaka 2010 mwalimu Thompson akaondoka. Nadhani hamtakisia nani alichukua nafasi yake. Alikuwa Chris Scott, beki yule wa Brisbane, aliyezaliwa 1976, mmoja wa matofali ya ule ukuta ulioondoka wote kwa pamoja. Sijui nini kilikuwa moyoni mwake, wala sitamwekea maneno kinywani. Natazama tu matendo.

Mwaka wake wa kwanza, 2011, Geelong walifika fainali kuu tena. Darren Milburn alikuwa na miaka 34. Alikuwa amecheza karibu mechi 300 na kutwaa ubingwa mara mbili. Katika orodha ya siku ile jina lake halikuwamo. Geelong waliifunga Collingwood kwa pointi 38, na Milburn akastaafu. Ndugu wasikilizaji, hapo pana uchungu, nasi tusiupite haraka. Mtu amelinda lango lako zaidi ya miaka kumi, na siku ya karamu umemwambia akae kwenye viti. Aliyeiandika orodha ile alikuwa beki mwenzake.

Katika ukuta ule wa 2011 alikuwapo Tom Lonergan. Huyu mwaka 2006, akicheza mbele, alirudi nyuma kuudaka mpira akagongwa ubavuni. Alipoteza figo moja na alikuwa karibu kupoteza maisha. Alirudi uwanjani na figo moja, wakamgeuza kuwa beki, akawa mmoja wa mabeki wagumu kupitwa. Matofali mengine huokotwa humohumo uani mwako, mahali ambapo ulidhani ni kifusi.

Mwisho wa mwaka 2012 Scarlett akastaafu. Lakini hakuondoka. Alibaki klabuni miaka kadhaa kama mwalimu wa mabeki, ili yale maneno aliyokuwa akiyasema uwanjani ayaseme sasa akiwa pembeni. Enright aliendelea hadi 2016 akafikisha mechi 332, ambazo wakati ule zilikuwa nyingi kuliko za mchezaji yeyote katika historia ya klabu. Lonergan na Mackie wakastaafu 2017, na Mackie akarudi kushughulika na usajili. Taylor, yule kijana wa 2007, sasa ndiye akawa mzee. Alicheza mechi yake ya mwisho katika fainali kuu ya mwaka 2020, waliyofungwa na Richmond kwa pointi 31.

Sasa nataka mchukue kalamu. Andikeni miaka ya kuzaliwa ya mabeki hao wa Geelong kama nilivyowaandikia ya Brisbane. Milburn 1977. Harley 1978. Scarlett 1979. Enright 1981. Mackie na Lonergan 1984. Taylor 1986. Mnaiona? Ni ngazi. Kila anayeondoka juu, yupo wa chini yake aliyekwisha kucheza naye misimu miwili mitatu au zaidi. Ukuta haukubomolewa hata siku moja. Ulibadilishwa tofali kwa tofali huku watu wanakaa ndani ya nyumba.

Ngazi ikaendelea kuteremka. Mwaka 2013 walimchagua Jake Kolodjashnij, aliyezaliwa 1995. Mark Blicavs, wa 1991, alikuwa mkimbiaji wa meta 3000 za kuruka viunzi na maji. Walimchukua kutoka riadha, wakamfundisha mpira, na mwaka 2018 wakamweka nyuma kuziba pengo. Mwisho wa 2016 wakampata Zach Tuohy, Mwairlandi aliyelelewa katika kandanda ya kwao ya Kigaeli. Mwaka huohuo wakamchukua Tom Stewart, ambaye alikuwa akichezea South Barwon, klabu ya mtaani palepale Geelong. Alikuwa na miaka 23, na klabu zote zilikuwa zimempita. Walimchukua wakiwa wa arobaini, na baadaye alichaguliwa mara kadhaa katika timu bora ya ligi nzima. Jack Henry, wa 1998, aliingia kwa mlango wa nyuma, kama mchezaji wa kujifunza. Na mwaka 2019 wakamchagua Sam De Koning, aliyezaliwa 2001, wakamlea miaka miwili bila haraka.

Matofali ya namna hii hutoka mahali usipotarajia, na hapa niwaguse jirani zetu wa Kenya. Aliir Aliir alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwa wazazi kutoka Sudan Kusini, akafika Australia akiwa mtoto. Akawa beki wa Sydney, kisha Port Adelaide, na mwaka 2021 aliingia katika timu bora ya ligi nzima. Mtoto wa Kakuma akawa nguzo ya ukuta wa watu wa Adelaide. Mwenye macho ya kuchagua haangalii tanuri limesimama wapi.

Lakini nisiwadanganye kwamba njia ya Geelong ni rahisi. Baada ya ubingwa wa 2011 walikaa miaka kumi bila kombe. Walifika nusu fainali wakatolewa mwaka 2013, 2016, 2017, 2019 na 2021. Mwaka 2021 walifungwa na Melbourne kwa pointi 83, na kelele zikawa kubwa: wazee hawa waondolewe wote, timu ivunjwe, tushike mkia miaka mitatu ili tuchague vijana bora. Hoja hiyo si ya kipumbavu. Zipo timu zilizopanda kwa njia hiyo. Asiyeanguka kabisa hapati zamu ya kwanza ya kuchagua, naye huweza kuishia kufika mlangoni kila mwaka asiingie ndani. Binti yangu aliniambia kwamba mumewe alikuwa akizima runinga kila Septemba na kwenda kufyeka majani gizani.

Geelong hawakuvunja. Na Jumamosi ile ya mwaka 2022, mbele ya watu zaidi ya 100,000 katika uwanja wa Melbourne, waliifunga Sydney kwa pointi 133 kwa 52. Sydney walipata magoli 8 tu mchana kutwa. Ilisemwa kweli kwamba timu ile ilikuwa miongoni mwa zenye umri mkubwa kabisa kupata kuingia uwanjani katika ligi hiyo. Lakini wengi walihesabu umri wa timu, hawakuhesabu umri wa ukuta. Nyuma alikuwapo Tuohy mwenye miaka 32, Stewart 29, Kolodjashnij 27, Henry aliyekaribia 24 au kuupita, na karibu na lango kabisa, mahali pa Scarlett na Taylor, alisimama De Koning mwenye miaka 21. Ngazi ileile. Aliyekuwa mtendaji mkuu wa Sydney siku ile, akiwaangalia vijana wake wakigonga ukuta bila kupenya, alikuwa Tom Harley, nahodha yuleyule wa 2007 na 2009. Nafikiri hakuna mtu uwanjani aliyeujua ukuta ule kuliko yeye.

Na Brisbane je? Tusiwaache kaburini, maana walifufuka, na ufufuo wao ni somo lilelile limegeuzwa. Mwisho wa 2017, wakiwa mkiani, walikuwa na vijana wengi nyuma, akiwamo Harris Andrews, lakini hawakuwa na mzee wa kuwaambia "sogea kushoto." Ngazi yao ilikuwa haina kidato cha juu. Wakamtafuta Luke Hodge, aliyekuwa nahodha wa Hawthorn, bingwa mara nne, ambaye alikuwa amekwisha kutangaza kustaafu. Alikuwa na miaka 33. Akacheza nyuma misimu miwili, 2018 na 2019, akisema kuliko kukimbia. Mwaka 2018 Brisbane walimaliza wa 15. Mwaka 2019 walimaliza wa pili. Hodge akaondoka. Andrews akabaki, akawa mmoja wa manahodha, na Brisbane wakatwaa ubingwa mwaka 2024, na tena 2025. Fainali kuu ya 2025 walimfunga nani? Geelong. Ndivyo michezo ilivyo, na ndivyo dunia ilivyo.

Nikaribie mwisho, niilipe ahadi niliyoiweka mwanzoni.

Nilikuwa beki wa timu ya kazini kwetu. Tulikuwa mabeki wanne, tumeajiriwa mwaka mmoja, tunakula chungu kimoja. Tulitwaa kombe la idara mara mbili. Mwalimu wetu, mtu mwenye akili, alimleta kijana wa miaka 19, mwembamba, mwenye kasi, ili acheze katikati yetu ajifunze. Sisi wanne tuliona anataka kula ugali wetu. Hatukumpiga wala hatukumtukana. Tulifanya jambo baya zaidi: tulinyamaza. Mpira ulipokuja juu hatukumwambia "mwachie." Adui alipotoka mgongoni kwake hatukumwambia "nyuma yako." Alifungisha magoli mawili katika mechi ya tatu, mashabiki wakamzomea, naye akaacha kuja mazoezini. Tukafurahi.

Msimu wa pili baada ya hapo mwalimu aliniita pembeni akaniambia, "Bwana, miguu imekataa." Miguu ya wenzangu nayo ilikataa mwaka uleule, maana sote tulikuwa rika moja. Hapakuwa na mtu wa kuingia. Timu ikashuka, kisha ikavunjwa, na jezi zikagawiwa watoto.

Miaka mingi baadaye nilikutana na yule kijana kituo cha basi, sasa mtu mzima mwenye watoto. Alinitambua kabla yangu. Akaniambia, "Shikamoo, kaka." Nikaitikia, tukaulizana habari za nyumbani, basi likaja akapanda. Sikumwambia neno nililopaswa kumwambia. Ndiyo maana nimeona bora nilisemee hapa hewani, pengine anasikiliza.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniandikia barua, jibu langu ni hili. Timu huporomokea nyuma kwa sababu nyuma ndipo watu hupendana sana na kukaa pamoja sana, na ndipo kila mwaka tunapojiambia: mwakani tutaangalia. Nenda kaandike miaka ya kuzaliwa ya mabeki wa timu yako. Ikiwa imepangwa kama ngazi, lala usingizi. Ikiwa yote ni mwaka mmoja, hata kama leo mna kombe kabatini, ufa upo tayari, na wahenga wamekwisha kutuambia gharama ya asiyeziba ufa. Na ukiona kuna kijana ameletwa kati ya wazee, msikilize mzee aliye karibu naye. Kama mzee anasema naye, ukuta utasimama.

Kwa leo ni hayo. Tukijaaliwa tukutane juma lijalo, saa na mahali petu pa kawaida. Kwaherini.